Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa CCM: ile miiko mliiweka wapi?

Ndugu Katibu Mkuu, kidumu chama.

Nakuita Ndugu makusudi, maana siku hizi hata diwani ukimwita Ndugu anakuangalia kama umemtukana, anataka Mheshimiwa, wakati enzi za TANU, kabla haijaungana na ASP kuwa CCM, Ndugu ndo ilikuwa heshima yenyewe.

Juzi nilikuwa napekua sanduku la bati la marehemu mzee nikitafuta karatasi za shamba, nikakutana na kadi yake ya TANU, imechanika kwenye mkunjo ila ada zote kalipa. Nikakumbuka alivyokuwa anatukaririsha ahadi za mwanachama, "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu", sisi watoto tunaitikia tu kama ngonjera huku akili iko kwenye ubwabwa.

Sasa Ndugu, Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko ya uongozi, likasema wazi kabisa, kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Halafu Februari 1991 Halmashauri Kuu ya chama ikakaa Zanzibar ikailegeza miiko hiyo. Sikatai, hali ilikuwa ngumu, mshahara haufiki hata tarehe kumi, na kiongozi kufuga kuku sio dhambi bana. Lakini kati ya kufuga kuku na kuwa na hisa kwenye kampuni inayoomba tenda kwenye wizara yako mwenyewe, hapo katikati palitakiwa mstari, na mpaka leo chama hakijauchora.

Najua utaniambia kuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, watu wanajaza fomu za mali. Fomu! Miiko ilikuwa inasema usiwe nazo, fomu inasema zitaje tu.

Na tulivyozoea kulegeza, mwaka 2000 Bunge lililojaa wabunge wetu likaingiza takrima kwenye sheria ya uchaguzi, yaani mgombea kukirimu wapiga kura ikawa ukarimu wa Kiafrika, mpaka Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006. Mahakama ndo ikatukumbusha ahadi ya TANU kwamba rushwa ni adui wa haki, hivi hiyo haikuwauma?

Katiba ya chama bado inasema Ujamaa na Kujitegemea ndio njia pekee, na bendera bado ina jembe na nyundo. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Rudisheni miiko, hata mmoja tu, huo wa hisa kwenye kampuni zinazofanya biashara na serikali, na uanze na wajumbe wa Kamati Kuu kabla haujashuka huku kwetu. Kama haiwezekani basi ipelekeni hiyo ibara ya Ujamaa Mkutano Mkuu ikafutwe mchana kweupe tujue tumo kwenye chama gani.

Kadi ya mzee nimeirudisha sandukuni. Yangu mimi ada nimelipa mpaka Disemba.