Barua kwa Zuhura: namna ya kupima ahadi za mafuta za wagombea wa Marekani

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi, na pole kwa kazi. Jedwali lako la kulinganisha wagombea wa Marekani kwa kipindi chako nimelipitia lote. Safu ile ya kwanza, "anaunga mkono mafuta, anapinga mafuta", ifute kabisa. Ukiiacha, wasikilizaji watadhani akishinda mtu wa chama cha Trump mafuta yanabubujika na akishinda mpinzani wake visima vinafungwa. Takwimu zinakataa. Biden aliingia madarakani Januari 2021 akiahidi kuiondoa nchi kwenye mafuta hatua kwa hatua, na mwaka 2023 Marekani ikatoa wastani wa mapipa milioni 12.9 ya mafuta ghafi kwa siku, kiasi ambacho hakuna nchi nyingine iliyowahi kukifikia. Mwaka 2024 yakawa milioni 13.2. Mwaka huohuo wa 2023 ikaongoza dunia kwa kuuza nje gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika.

Badala ya safu hiyo weka swali: mwamba ni wa nani? Katika nchi nyingi kilicho chini ya ardhi ni mali ya taifa. Marekani sivyo. Mwenye shamba Texas anaweza kumiliki mafuta yaliyo chini ya shamba lake na kuyakodisha kwa kampuni bila kumwuliza rais. Ardhi na bahari za serikali kuu hutoa karibu robo ya mafuta ghafi yote, na kwa gesi ni takriban sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mgombea anaposema "nitafungua" au "nitafunga" uchimbaji, anazungumzia robo hiyo. Sehemu kubwa iliyobaki inafuata bei ya soko na sheria za majimbo.

Hata ndani ya robo hiyo, ahadi hupita hatua nyingi kabla haijawa pipa. Kwanza Wizara ya Mambo ya Ndani (kule haishughuliki na polisi, inasimamia ardhi ya serikali) huchagua vitalu na kuviweka mnadani. Mshindi hupewa mkataba, kwa kawaida wa miaka 10. Baada ya hapo ndipo huomba kibali cha kuchimba kila kisima, kisha hutafuta mtambo, wafanyakazi na bomba la kusafirishia. Baharini, kutoka mnada hadi pipa la kwanza mara nyingi ni miaka saba hadi kumi, yaani mafuta ya mnada wa rais huyu hutoka chini ya rais mwingine. Biden aliidhinisha minada mitatu tu ya baharini kwa kipindi cha 2024 hadi 2029, idadi ndogo kuliko ya mpango wowote uliotangulia. Sheria aliyosaini Trump Julai 4, 2025 inalazimisha minada 30 katika Ghuba ya Mexico hadi 2040. Tofauti hiyo ni kubwa na ni ya kweli, ila uiandike kwenye safu ya miaka ya 2030, si ya bei ya mwezi ujao.

Na mnada si uchimbaji. Hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki kule Alaska imepiganiwa na vyama viwili kwa miongo mingi. Ilipopigwa mnada Januari 2021, zabuni zilifika dola milioni 14.4 tu, nyingi zikiwa za shirika la umma la jimbo lenyewe la Alaska. Mnada wa pili, Januari 2025, haukupata mnunuzi hata mmoja. Wanasiasa waligombea mlango ambao wenye fedha hawakutaka kuupita.

Sasa suala la Kamala Harris, makamu wa rais wa Biden na mpinzani wa Trump mwaka 2024, na upasuaji wa miamba, yaani kusukuma maji, mchanga na kemikali chini kwa shinikizo kubwa mpaka mwamba upasuke na kuachia mafuta au gesi. Umeandika kwamba "alibadili msimamo", na ni kweli: mwaka 2019 alisema anaunga mkono kupiga marufuku, na mwaka 2024 akasema hatapiga marufuku. Pennsylvania, jimbo la pili kwa gesi baada ya Texas na lenye kura 19 za wajumbe wanaomchagua rais, inaeleza mengi. Lakini usiishie kwenye unafiki wa kisiasa, kwa sababu kuna jambo zito zaidi: rais hana mamlaka ya kupiga marufuku hiyo peke yake kwenye ardhi ya watu binafsi. Sheria ya nishati ya 2005 iliutoa upasuaji wa miamba nje ya sheria ya maji salama ya kunywa, isipokuwa pale inapotumika dizeli. Marufuku ya nchi nzima ingehitaji sheria mpya ya Bunge, na kura hazikuwepo mwaka 2019 wala 2024. Kwa hiyo ahadi yake ya kwanza haikuwa na njia ya kutekelezwa, na ya pili haikumgharimu kitu. Nafasi uliyotenga kwa jambo hili ipunguze nusu.

Kwenye bei, nakupa hesabu moja utakayoitumia kila mara. Pipa lina galoni 42. Kwa hiyo pipa likishuka kwa dola 1, petroli inaweza kushuka kwa senti 2.4 hivi kwa galoni. Mgombea akiahidi kupunguza dola nzima kwa galoni, anaahidi pipa litashuka kwa dola 42 hivi. Muulize litashukaje, ilhali bei hupangwa na soko la dunia linalotumia zaidi ya mapipa milioni 100 kwa siku. Akisema atafuta kodi, kodi ya serikali kuu kwenye petroli ni senti 18.4 kwa galoni, haijabadilika tangu 1993, na kuisimamisha ni kazi ya Bunge.

Trump mwaka 2024 aliahidi kupunguza gharama za nishati kwa nusu ndani ya miezi 12, au 18 ikizidi sana. Wakati huohuo alihimiza kuchimba kwa wingi. Ahadi hizi mbili zinagombana. Kwa mujibu wa makampuni yenyewe ya Texas na majirani zake, mwaka 2025 kisima kipya kilihitaji pipa la dola 65 hivi ili kilipe. Mwaka huo OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, na washirika wake walipoongeza uzalishaji, pipa la Marekani lilishuka chini ya dola 60, na idadi ya mitambo ya kuchimbia mafuta ikapungua, rais akiwa yuleyule anayehimiza kuchimba. Uzalishaji wa kisima cha mwamba uliopasuliwa hushuka zaidi ya nusu ndani ya mwaka wake wa kwanza, kwa hiyo kampuni isiyochimba vipya huanza kuona pengo mapema. Uzalishaji wenyewe haukuanguka mwaka huo, kwa kuwa visima vya siku hizi ni virefu na hutoa zaidi, lakini amri ya rais haikuongeza mtambo hata mmoja pale ambapo bei ilisema hapana. Petroli ilishuka kidogo mwaka huo, si kwa nusu, na umeme wa majumbani ulipanda.

Gesi ina mgongano wake, na huu hausemwi kwenye mikutano ya kampeni. Januari 2024 serikali ya Biden ilisimamisha vibali vipya vya kuuza gesi iliyosindikwa kwa nchi zisizo na mkataba wa biashara huria na Marekani. Mitambo iliyokwisha kupata kibali iliendelea kujengwa, na Julai jaji wa serikali kuu Louisiana akauzuia usitishaji huo. Trump aliufuta siku yake ya kwanza, Januari 2025. Kwa mzalishaji huo ni ushindi, kwa mlipa bili ni hadithi nyingine: gesi inayopakiwa melini haibaki nyumbani, na inapata mnunuzi wa Ulaya au Asia anayeweza kulipa zaidi. Bei ya gesi kwenye soko la ndani ilikuwa zaidi kidogo ya dola 2 kwa kipimo chao cha joto (Btu milioni moja) mwaka 2024, na ikapita dola 3 mwaka 2025. Baridi na mahitaji ya umeme vilichangia, lakini mgombea anayeahidi gesi rahisi nyumbani na mauzo makubwa nje anapaswa kuulizwa atachagua lipi yanapogongana. Hili ndilo swali ningelianza nalo kwenye kipindi.

Kuna sehemu chache ambako rais kweli ana ufunguo mkononi. Bomba linalovuka mpaka ni mojawapo. Keystone XL, iliyokusudiwa kubeba mapipa 830,000 kwa siku kutoka Kanada, ilikataliwa na Obama 2015, ikakubaliwa na Trump 2017, ikafutiwa kibali na Biden siku aliyoapishwa, na kampuni ikaachana nayo Juni mwaka huohuo. Nyingine ni kifungu cha dharura cha sheria ya umeme, 202(c), kinachomruhusu Waziri wa Nishati kuamuru mtambo uendelee kufanya kazi kwa siku 90 na kurudia tena. Mei 2025 kilitumika kuzuia mtambo wa makaa ya mawe wa Campbell, Michigan, usifungwe siku chache kabla ya tarehe yake. Kwenye makaa ya mawe hiyo ndiyo nguvu iliyobaki, kuchelewesha kufunga. Makaa yalikuwa yakitoa karibu nusu ya umeme wa nchi mwaka 2005 na asilimia 16 hivi mwaka 2023, na yaliyoyashusha zaidi ni gesi ya bei nafuu. Trump aliahidi kuyarudisha mwaka 2016, na mitambo iliendelea kufungwa muhula wake wote wa kwanza.

Kwenye fedha, tofauti ya vyama unaweza kuipima kwa kikokotoo. Mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya mafuta ambayo kampuni humlipa mwenye mwamba, ulikuwa asilimia 12.5 kwenye ardhi ya serikali ya nchi kavu. Sheria ya Agosti 2022 ya Biden iliupandisha hadi 16.67, na sheria ya Julai 2025 ikaurudisha 12.5. Pipa likiwa dola 70, serikali inapata dola 8.75 badala ya 11.67. Wapinzani wa nyongeza walisema ingeua uchimbaji, ingawa Texas ardhi ya jimbo na ya watu binafsi mara nyingi hutoza asilimia 20 hadi 25 na visima havikwishi. Sheria ya 2022 ilileta pia tozo ya methani (sehemu kuu ya gesi asilia) inayovuja, dola 900 kwa tani kwa mwaka 2024, ikipanda hadi 1,500. Methani ndani ya miaka 20 hupasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, kwa hiyo kwa hali ya hewa huu ulikuwa mstari mzito. Tozo ilisukumwa mbele miaka kumi hata kabla haijakusanywa. Angalia pia kwamba sheria ileile ya 2022 ililazimisha minada ya mafuta kama sharti la kutoa vitalu vya umeme wa upepo. Hiyo ndiyo bei ya kura ya mwisho kwenye Seneti iliyogawanyika, na Harris ndiye aliyeipigia kura ya kuvunja sare, 51 kwa 50. Sheria ya 2025 nayo ilipita 51 kwa 50, kwa kura ya Vance, makamu wa rais wa Trump.

Kwa hiyo kwenye kila ahadi ongeza safu ya chombo: ni amri ya rais, kanuni ya wakala, au sheria? Amri huandikwa asubuhi na kufutwa na mrithi jioni ya kuapishwa, na jaji mmoja anaweza kuizuia. Ndivyo lilivyokwama mwaka 2021 agizo la Biden la kusimamisha mikataba mipya kwenye ardhi ya serikali. Kanuni lazima itangazwe, ipokee maoni, itetewe kwa ushahidi, kisha iende mahakamani. Ile ya Obama ya 2015 ya kupunguza kaboni ya mitambo ya umeme ilisimamishwa na Mahakama ya Juu Februari 2016 kabla haijaanza kazi, na mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ikabana mamlaka ya Shirika la Kulinda Mazingira katika eneo hilo. Sheria ndiyo inayodumu, ingawa nayo umeona mrabaha ulivyoishi miaka mitatu.

Jambo moja limekosekana kabisa kwenye jedwali lako, nalo ndilo ninalolipa uzito zaidi: matumizi. Wagombea hubishana juu ya visima, lakini tofauti yao kubwa iko kwenye magari na majengo. Ruzuku ya hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme iliisha Septemba 30, 2025, na sheria iliyoiua ilishusha pia faini ya mtengenezaji anayekiuka viwango vya ulaji wa mafuta hadi sifuri. Gari linalouzwa leo hunywa petroli miaka 15 au zaidi, akitawala nani au nani. Mwasilishaji wa habari hulikwepa kwa sababu halina picha nzuri ya mtambo wa kuchimbia, lakini mapipa yake ni mengi kuliko ya mnada wowote wa Alaska.

Safu zako ziwe basi: nani mwenye mwamba, chombo gani, nani anaweza kukizuia, mwaka gani athari itaonekana, na nani analipa. Mahali ambapo mgombea hajasema chombo, andika "hajasema" na uache wazi, usimjazie. Ukimaliza nitumie toleo jipya kabla ya kurekodi, nitakuangalizia hasa mahesabu ya gesi, maana vipimo vyao huchanganya futi za ujazo na kipimo cha joto, na hapo ndipo sifuri huongezeka bila mtu kujua.

Wasalimie nyumbani.

Ndugu yako,
Hamisi