Barua ya wazi kwa Katibu wa Jimbo Steve Simon: zile kura 20 za Shakopee zisiachwe hivi hivi

Brooklyn Park, Minnesota
Mwisho wa Februari 2025

Mheshimiwa Steve Simon,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mpiga kura wa hapa Brooklyn Park, nimetoka Kenya, na naandika kwa Kiswahili juu nataka Wakenya na Wakongo na Watanzania wenzangu wa Minnesota waisome pia, wengi wetu tunapiga kura kwa bahasha, na ofisi yako inayosimamia uchaguzi wa jimbo haiwezi kukosa mtu wa kukutafsiria. Maneno yangu ni juu ya eneobunge la 54A, pale Shakopee, ambako kura 20 zilipotea kwenye uchaguzi wa bunge la jimbo, maana naona jaji ametoa uamuzi, mshindi amekaa kwenye kiti, na watu wameanza kuongea kama hiyo kesi imeisha. Kwangu mimi haijaisha hata kidogo.

Kwa wale hawakufuata: bunge letu la wawakilishi lina viti 134, kila eneo lina watu kama elfu 42 hivi, na kila miaka miwili tunarudi debeni. Ni maeneo madogo, mtu anaweza kukutana na mwakilishi wake akinunua mboga. Sasa 54A ni eneo gumu, halina mwenyewe. Brad Tabke wa DFL, ndio Democrats wa hapa Minnesota, alishinda Shakopee 2018 wakati eneo bado linaitwa 55A, akaangushwa 2020, akarudi 2022. Novemba 5, 2024 akapata kura 10,979, na Aaron Paul wa Republican akapata 10,965. Tofauti ya kura 14 tu! Zikahesabiwa upya kwa mkono, Tabke akabaki mbele.

Halafu ikajulikana kuna kura zimepotea. Kwenye kituo kimoja cha Shakopee, bahasha za wapiga kura wa mapema zilizopokelewa na kukubaliwa zilikuwa nyingi kuliko karatasi zilizopita kwenye mashini, zimepungua 20. Mwanasheria wa Kaunti ya Scott, ndiyo kaunti ya Shakopee, alichunguza akasema inaelekea hizo karatasi hazikutolewa kwenye bahasha zake za ndani, na bahasha zikaenda na takataka. Hakuna aliyesema ni wizi, na mimi sisemi ni wizi. Lakini piga hesabu na mimi. Hizo 20 zote zingekuwa za Paul angefika 10,985 na angemshinda Tabke kwa sita, kwa hivyo kilichotupwa kwenye pipa kingeweza kuwa ushindi wenyewe.

Kilichookoa mambo ni watu. Kati ya hao wapiga kura 20, sita walikuja kortini wakaapa na kusema walimpigia Tabke, na ukishampa Tabke hizo sita basi Paul hata akipewa 14 zote zilizobaki hafiki. Januari 14 Jaji Tracy Perzel akasema ushindi wa Tabke unasimama. Mimi uamuzi siupingi, nimeusoma na naona hesabu imekaa sawa.

Lakini Mheshimiwa, hebu fikiria wale watu sita. Ili ofisi isahihishe kosa lake, ilibidi mpiga kura aseme mbele ya jaji, na mawakili wanaandika, alimchagua nani. Siri ya kura hawakuiacha kwa kupenda, iliwabidi. Sijui hapa watu wanaichukulia vipi, lakini sisi tuliokuwa Kenya mwisho wa 2007 kuingia 2008 tunajua maana ya jirani kujua ama hata kudhani tu kwamba ulipigia upande fulani, nyumba zilichomwa kwa hiyo dhana, watu zaidi ya elfu moja walikufa na wengine malaki wakahama makwao. Najua Shakopee si Kenya ya wakati huo. Ila mama wa Kikongo ama wa Kikenya anayefanya kazi kwenye nursing home, pale wanatunza wazee, na bosi wake ana msimamo mkali wa chama, ukimwambia aende kortini aseme alimpigia nani ili kura yake ihesabike kwa namna fulani, hataenda. Atanyamaza. Na akinyamaza yeye na wengine kama yeye, ile hesabu ya jaji haitimii. Je, wale sita wangekataa kuongea tungekuwa wapi sai?

Maana tusisahau hicho kiti kilikuwa kimebeba nini. Novemba bunge liligawanyika 67 kwa 67. Kule 40B, Roseville na Shoreview, korti ikaona aliyeshinda hakuwa anaishi kwenye eneo lenyewe, kiti kikabaki wazi, Republican wakawa 67 na DFL 66, DFL wakakataa kuingia ukumbini kuanzia siku ya kwanza, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Minnesota ambayo Januari 24 ilisema akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wa kufanya kikao, ni watu 68, na mpaka Februari 6 ndio bunge likaanza kazi na Lisa Demuth akawa spika. Sehemu ya makubaliano ya DFL kurudi ilikuwa Republican wasimnyang'anye Tabke kiti. Yaani jimbo zima lenye watu karibu milioni sita lilikaa wiki tatu na zaidi bila bunge linalofanya kazi, na moja ya mambo waliyokuwa wanavutania ni kiti ambacho mashaka yake yote yalitoka kwenye bahasha 20.

Sasa nikuambie kwa nini hii imeniuma mimi ambaye hata siishi Shakopee. Mimi napiga kura mapema kwa sababu ya shifti. Nikiwa na dabo, shifti mbili mfululizo, siku ya Jumanne siwezi kuahidi mtu kwamba nitafika kituoni kabla hakijafungwa. Kwa hivyo karatasi inakuja kwa posta, naijaza kwenye meza ya jikoni, namuita jirani awe shahidi, naionyesha kwanza haijajazwa, halafu nageuka najaza peke yangu. Karatasi inaingia bahasha ya ndani, hiyo haina jina langu, haina kitu. Hiyo inaingia kwenye bahasha ya saini, pale naandika jina, anwani, namba ya laisensi, naweka saini, jirani naye anaweka yake. Halafu yote inaingia kwenye ile ya kurudisha. Nawafundisha watu kanisani hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na nawaambia wasiwe na wasiwasi, ukiingia kwenye tovuti ya jimbo utaona kama bahasha yako imefika na kama imekubaliwa.

Na hapo ndipo penye shida. Kinachokubaliwa ni bahasha ya saini. Baada ya hapo inafunguliwa, ile ya ndani isiyo na jina inatolewa, inachanganywa na zingine, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kuifuata, na ni sawa isifuatwe, hiyo ndiyo siri yenyewe. Lakini hao wapiga kura 20 wa Shakopee bahasha zao zilikuwa zimekubaliwa. Kwenye kumbukumbu walikuwa wamepiga kura kama mtu mwingine yeyote. Mimi nikifungua simu nikaona imekubaliwa nalala usingizi, na wao walikuwa na haki ya kulala usingizi vile vile, na kura zao zilikuwa kwenye pipa.

Huwezi kuweka jina kwenye karatasi ya kura, sawa, hilo hatulitaki. Lakini idadi haina siri. Kwenye chama chetu cha akina mama na wababa hapa, mweka hazina hafungi kitabu mpaka pesa iliyo mezani ilingane na majina yaliyotoa, ikipungua hata dola kumi hakuna anayetoka tunatafuta mpaka ipatikane, na tunaitafuta usiku huo huo wakati kila mtu bado anakumbuka alifanya nini. Shakopee upungufu ulionekana baada ya uchaguzi, wakati bahasha zilipokelewa Oktoba. Wiki kadhaa zimepita, takataka imeshabebwa. Kungekuwa na mtu wa kuhesabu jioni ile ile, tumekubali bahasha ngapi za kituo hiki na tumetoa karatasi ngapi, wangeinama chini ya meza wakazipata.

Kwa hivyo nakuomba mambo machache na nakuomba uyatake kwenye kaunti zote 87, sio Scott peke yake, maana nisingependa watu wa Scott wabebeshwe aibu yote huku kaunti zingine zinaendelea na bahati yao. Siku ambayo bahasha zinafunguliwa ndiyo siku ya kulinganisha hesabu, kituo kwa kituo, na hesabu iwekwe saini na watu wa vyama vyote viwili waliokuwepo. Bahasha tupu zisiondoke kwenye jengo mpaka muda wa kupeleka kesi uishe, karatasi hazili chakula, zitiwe kwenye maboksi na zifungwe. Na hizo hesabu za kila kituo, bahasha zilizokubaliwa na kura zilizohesabiwa, ziwekwe kwenye tovuti mapema, kabla matokeo hayajathibitishwa, mtu yeyote azione bila kuandika barua ya kuomba.

Hili la mwisho silitoi hewani. Kenya baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, watu walishika sana mambo ya fomu 34A, ile ya kila kituo ambayo mawakala wanaweka saini na nakala inabandikwa mlangoni. Uchaguzi wa 2022 tume iliweka picha za hizo fomu kwenye tovuti, vituo zaidi ya elfu 46, na mtu akiwa Minneapolis alikaa na simu yake akijumlisha za kijijini kwao. Kelele zilikuwepo, kesi ikaenda kortini pia, lakini tulikuwa tunabishana juu ya karatasi ambayo wote tunaiona. Minnesota mna watu wengi wanaojitokeza kupiga kura, mna kujiandikisha siku hiyo hiyo ya uchaguzi tangu miaka ya sabini, mimi nasifia hiyo kila nikipiga simu nyumbani. Hamuwezi kushindwa kuweka jedwali la namba mbili kwa kila kituo.

Na mpiga kura akigundulika kura yake imepotea, aandikiwe. Aambiwe na ofisi iliyoipoteza, kwa barua yenye jina lake, asisikie kwanza kutoka kwa watu wa kampeni wala waandishi wa habari.

Watu wetu ndio wameanza kuamini hizi chaguzi ndogo. Kwa miaka mingi ukiongea na Mkenya hapa juu ya uchaguzi alikuwa anajua rais tu, basi. Mwaka jana tukaona Huldah Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, akichukua kiti cha 38A hapa hapa Brooklyn Park, na nimeona wazee ambao wana uraia miaka kumi hawajawahi kupiga kura wakiulizia bahasha. Hao niliwaambia kwa mdomo wangu kwamba kura ikifika imefika. Nataka niendelee kuwaambia hivyo.

Machi 11, 2025 watu wa 40B wanarudi kupiga kura kujaza kile kiti kilichobaki wazi, na kura za mapema zinapokelewa sasa hivi ninavyoandika. Februari hii ya 2025 bunge bado liko 67 kwa 66, kwa hivyo macho yote yako pale. Huhitaji kungoja sheria mpya kwa hilo moja. Waandikie Kaunti ya Ramsey wiki hii, waombe wahesabu bahasha na karatasi kila jioni na wasitupe kitu, na utuambie hadharani wamekujibu nini.

Wako,
Mpiga kura wa Brooklyn Park