Mgonjwa wa moyo naye apimwe damu

Mhariri,

Mgonjwa wa moyo akilalamika kwamba amechoka, anahema akipanda ngazi na moyo unamwenda mbio, aghalabu huongezewa dawa ya kutoa maji. HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, haiangaliwi, ilhali upungufu wa damu huleta dalili zizo hizo. Damu ikiwa chache moyo hulazimika kusukuma zaidi, na uliokwisha dhoofu hauna nguvu ya akiba. Ndiyo maana wagonjwa wa moyo wenye damu chache hulazwa tena na tena, na hufariki mapema kuliko wenzao. Si wachache: kati ya wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi waliochunguzwa Muhimbili, zaidi ya nusu walikuwa na upungufu huo, yaani HB chini ya 13 kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke.

Balaa lipo kwenye kipimo cha madini ya chuma. Karatasi ya maabara huandika ferritini (protini inayohifadhi chuma mwilini) ya 60 kuwa ni sawa. Kwa moyo ulioshindwa si sawa: chini ya 100 ni upungufu, na kuanzia 100 hadi 299 pia, iwapo transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, imebeba chini ya asilimia 20 ya chuma inachoweza kubeba. Hata mwenye HB nzuri anaweza kukutwa hivyo.

Juisi ya rozela inayonywewa kuongeza damu basi? Haina chuma cha kutosha kuziba pengo hilo. Vidonge vya chuma navyo hukwama, kwa sababu ugonjwa hupandisha hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma utumboni. Utafiti wa Marekani wa 2017 uliwapa wagonjwa miligramu 150 mara mbili kwa siku, wiki 16, na uwezo wao wa kufanya mazoezi haukuongezeka. Chuma cha mshipani ndicho kilichoonyesha nafuu, ingawa bei yake inauma.

Kabla ya yote itafutwe damu inakovujia. Aspirini pamoja na klopidogreli au wafarini (dawa za kuzuia damu kuganda), kisha diklofenaki ya maumivu ya magoti iliyonunuliwa dukani, huweza kuvujisha damu tumboni kimyakimya. Choo cheusi kama lami ni dalili (vidonge vya chuma navyo hukifanya cheusi, kwa hiyo kipimwe). Minyoo ya safura isisahauliwe. Lakini mwenye stenti (kimirija kinachoachwa ndani ya mshipa wa moyo usizibe) asiache aspirini kwa uamuzi wake.

Ikibidi kuongezwa damu, iwe uniti (mfuko) moja moja, kila moja kwa saa 3 hadi 4. Ikikimbizwa, maji hujaa mapafuni. Ya pili isitundikwe kabla mapafu hayajasikilizwa.

Wahudumu wa kliniki ya moyo,
Dar es Salaam