Barua kwa Mwanangu: Rangi ya Zamani Usiiguse

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako ameniletea ami yako aliposhuka botini, nami nimeisoma kwanza kwa furaha, kisha kwa wasiwasi. Nimefurahi kuona kwamba watu wa Chake Chake wanakuamini kwa kazi ambayo mafundi wengi hawajapata kuishika: ishara za reli, mageti ya kivuko, tangi la maji na winchi ya stesheni, vyote vya bati, vya treni za kuchezea za Hornby. Kilichonitia wasiwasi ni ule mstari ulioandika pembeni, kwamba umeshanunua msasa laini na kopo la rangi ya kupuliza ili mwenyewe avikute vinang'aa. Usiviguse kwa msasa, mwanangu.

Sababu si mapenzi yangu ya vitu vikuukuu tu. Hilo tunaloliita bati ni chuma chembamba kilichovishwa ngozi nyembamba mno ya bati halisi, na ngozi hiyo ndiyo inayokizuia kisile kutu. Msasa hauchagui, ukiondoa alama ya kutu unaondoa na bati lililo pembeni yake, na katika hewa yetu ya chumvi chuma kilichobaki uchi kitaanza kutu tena hata chini ya rangi mpya. Palipo na kutu, weka tone la mafuta mepesi, uliache, kisha ufute taratibu kwa kijiti cha mbao laini kilichozungushiwa pamba. Alama itakayobaki iache ibaki.

Tena rangi yenyewe ni ushahidi. Kampuni ya Frank Hornby ya Liverpool ilianza kuuza treni hizi mwaka 1920, na katika miaka ileile reli za Uingereza zilikuwa zikibadilisha mikono ya ishara za mbali, zinazomtahadharisha dereva juu ya ishara iliyo mbele, ile yenye ncha iliyokatwa mfano wa mkia wa samaki, kutoka nyekundu kuwa ya manjano. Ukikuta mkono wa namna hiyo ni mwekundu, usidhani aliyeupaka alikosea ukaugeuza manjano, kwani huenda wekundu huo ndio unaoonyesha umri wake. Hukukulia karibu na reli, na hata sisi wa Unguja gari moshi la Bububu, lililoanza mwaka 1905, tumelisikia kwa wazee tu. Kwa hiyo nakueleza: katika ishara za zamani za Kiingereza mkono ukilala sawa dereva husimama, au kwa ishara ya mbali hujiandaa kusimama, ukishuka hupita. Ukimaliza kazi, hakikisha mkono unalala sawasawa wenyewe na haubaki ukining'inia katikati.

Ukaniandikia kwamba mkono mmoja umekwama na unataka kuufungua mlingoti. Usiufungue bado. Vipande hivi vimeshikana kwa vijisikio vya bati vilivyopenyezwa kwenye matundu na kukunjwa, na kila unapokikunjua kijisikio na kukikunja tena unakidhoofisha, mpaka siku moja kinakatika mkononi. Mara nyingi kilichokwama ni mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi. Chovya brashi ndogo katika mafuta ya taa, ipitishe kwenye msumari wa mkono tu, ukiwa umezuia yasichuruzike kwenye rangi, na usogeze mkono kidogo kidogo kwa kidole bila kuulazimisha. Ukilegea, ufute ukauke, kisha tia tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Mafuta ya nazi usiyatumie, maana yatakurudisha palepale. Waya uliopinda unyooshe kwa koleo lililofungwa ngozi midomoni, la sivyo meno yatauachia makovu.

Kamba ya winchi iliyokatika badilisha kwa uzi wa pamba, wala usitumie mshipi wa nailoni wa kuvulia, ambao huteleza kwenye kigurudumu na haukai umezungushwa. Magurudumu yaliyomiminwa kwa zinki, yakiwa yamevimba na kupasuka, hayana dawa. Risasi iliyochanganyika humo tangu kiwandani huyala kutoka ndani, na unyevu huongeza. Mwambie mwenyewe ukweli mapema, usiyatie gundi ukamrudishia.

Sikupenda ulivyomwahidi kwamba kazi itakuwa tayari kabla ya Idi hali hujakifungua hata kifurushi kimoja. Haraka ndiyo inayowapeleka watu kwenye kopo la rangi. Nimeona visanduku vya saa vilivyong'arishwa mpaka maandishi yakafutika, na vingine vilipita mezani kwangu, na wateja wakashukuru kwa kuwa hawakujua walichopoteza. Wewe una mkono mtulivu kuliko wangu, tangu ukiwa skuli nililiona hilo, na ndiyo maana naudhika ukiuharakisha. Mwombe huyo bwana akuongezee muda.

Vitu hivyo viondoe katika chumba cha magunia, kwa kuwa karafuu zisizokauka vizuri hutoa unyevu, wala usivifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Mama yako anauliza kama paa la ukumbini bado linavuja. Ikiwa linavuja, ni sababu nyingine ya kutoviweka huko. Goti lake limepata nafuu. Amekufungia furushi, nami nimetia ndani koleo bapa, chupa ya mafuta ya cherehani na uzi wa pamba wa unene wa aina tatu, uchague unaolingana na ule wa zamani.

Mguu wa winchi uliokatika utahitaji kulehemiwa kwa risasi, na moto hubabua rangi upesi kuliko msasa. Funga kitambaa kibichi juu ya sehemu yenye rangi, ulehemu kwa upande wa chini. Lakini usianze mpaka unipigie simu baada ya Isha, unieleze ulivyouona mkatiko wenyewe, kisha tuamue pamoja pa kuushika.

Wasalaam,
Baba yako