Bima ya mama inakwisha kabla ya siku za viza: tuirefushe Dar au tukate mpya hapa Ujerumani?

Ndugu mshauri,

Mama mzazi, mwenye miaka 68, yuko nasi Hamburg kwa viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja) ya kuingia zaidi ya mara moja, siku 90 ndani ya kila siku 180. Bima yake ya safari ilikatwa Dar es Salaam kwa siku 30 tu. Ubalozi uliipokea, maana anayeomba viza ya aina hiyo hudaiwa bima ya ziara ya kwanza aliyoipanga. Kwa ziara zinazofuata hutia saini kwamba anajua wajibu wa kuwa na bima. Sasa anataka kubaki mwezi mwingine kumsaidia mzazi aliyejifungua. Viza inamruhusu, lakini bima inakoma tarehe 14 Juni.

Hata saa ya kukoma ina mtego. Cheti kimeandikwa saa 5:59 usiku, saa za Afrika Mashariki. Majira haya Ujerumani iko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo huku kinga inakatika saa 4:59 usiku. Bima mpya ikianza saa sita usiku ya hapa, linabaki pengo la saa nzima, na kampuni inayotafuta sababu ya kukataa dai haihitaji pengo kubwa kuliko hilo.

Wakala wa Dar anasema kurefusha kunawezekana kwa masharti matatu: ombi lifike kabla ya bima kuisha, kusiwe na dai lolote, na mama atie saini tamko la afya. Malipo yapite kwa simu au benki. Ila nilipoomba mfano wa cheti cha nyongeza, kina namba mpya na tarehe mpya ya kuanza. Huo ni mkataba mpya uliopewa jina la nyongeza, na lolote lililompata mama katika siku 30 za mwanzo linahesabiwa kuwa maradhi yaliyokuwepo kabla.

Na limempata. Baada ya safari ndefu ya ndege mguu wa kushoto ulivimba. Daktari alihofia damu imeganda kwenye mshipa, akampima kwa ultrasaundi, hakuona donge. Akamtaka arudi kupimwa tena tarehe 20 Juni, siku sita baada ya bima kuisha. Bili ya kwanza tumeilipa wenyewe na dai bado hatujalipeleka.

Njia ya pili ni bima ya wageni inayouzwa hapa Ujerumani. Inatimiza masharti ya Schengen: fidia isiyopungua euro 30,000, nchi zote za Schengen, matibabu ya dharura, na kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Shida iko kwenye maandishi madogo. Kampuni nyingi zinataka bima ikatwe ndani ya siku kadhaa tangu mgeni aingie. Aliyechelewa hukataliwa au huwekewa muda wa kusubiri, ambapo ajali inalipwa tangu siku ya kwanza lakini ugonjwa haulipwi. Matibabu yaliyojulikana kabla ya kukata bima hayalipwi kabisa. Kwa umri wake bei nayo inapanda, ingawa hilo tunalimudu.

Kuna ndugu wanaoshauri tukate bima ya Tanzania kwa mtandao na kujibu kwamba msafiri bado yuko nyumbani. Hilo sitaki hata kulijadili. Siku ya dai huombwa pasipoti, na rekodi ya kuingia inaonyesha tarehe. Mkataba wote unavunjwa, na mgonjwa anabaki na bili ya hospitali mkononi.

Ninachofikiria ni kumwomba daktari asogeze kipimo hadi tarehe 12 au 13 Juni, ndani ya bima ya sasa, na kupata barua inayosema wazi kama mguu umepona au la. Kisha tukate bima ya hapa, ianze saa nne usiku ya tarehe 14 ikiwa kampuni itakubali kuandika saa. Isipokubali, ianze tangu mwanzo wa tarehe 14, hata kama siku hiyo tutalipia mara mbili.

Naomba unisaidie kwa haya. Je, barua ya daktari kwamba hakuna donge inatosha kuuondoa mguu huu kwenye maradhi yaliyokuwepo, au kampuni itashikilia kwamba alishawahi kutibiwa? Tukipeleka dai la bili ya kwanza tunafunga mlango wa kurefusha Dar. Tusipolipeleka, muda wa kutoa taarifa ya dai unapita. Lipi lina hasara ndogo? Na bima mbili zikikutana kwa siku moja, ugonjwa ukianza siku hiyohiyo, tumpigie nani kwanza?

Msomaji, Hamburg