Tafadhali Usimsafishe Tumbusi kwa Jiki

Wateja wanaotuletea tuwatengenezee michoro ya kale ya ndege yenye madoa ya rangi ya kutu huwa na ombi moja: "Mng'arisheni, awe mweupe." Ndege huyo akiwa ni tumbusi wa Misri, yule mweupe mwenye uso wa manjano, tunakataa kabisa.

Michoro iliyotoka Ulaya miaka ya 1830, kama ile ya John Gould, mchapishaji wa vitabu vya ndege wa London, ilichapwa kwa jiwe kwa wino mweusi, kisha ikatiwa rangi ya maji kwa mkono, nakala moja moja. Manjano ya uso wa tumbusi yamepakwa na mtu kwa brashi. Weupe wa mwili wake, mara nyingi, si rangi bali ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Ndiyo maana doa dogo tu huonekana limemwangukia ndege kifuani, na mkono ukaenda kwenye jiki. Jiki haichagui. Itafuta doa, itafuta na uso, na karatasi itabaki dhaifu.

Tena porini kwenyewe tumbusi huyu si mweupe pe. Ameonekana akijipaka matope mekundu kichwani na kifuani kwa hiari yake. Weupe uliofifia kidogo unamfaa.

Tangu 2007 amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Hapa Kenya tumbusi wa aina nyingi hufa kwa sumu iliyotiwa kwenye mzoga ili kumuua simba au fisi aliyekula mifugo. Inatuuma kuona hata picha yake ikiharibiwa na mtu anayeipenda.

Madoa yenyewe huletwa na ukungu na chembe za chuma zilizomo kwenye karatasi, unyevu ukizidi. Nyumba zetu za Lamu zina kuta za matumbawe na chokaa, nazo hunyonya maji na chumvi. Palipoanza kubambuka chokaa, usitundike kitu.

Kwanza tunautazama mchoro kwa lenzi. Tukiona vitone vidogo vilivyojipanga, ni chapa ya mashine ya siku hizi, nasi tutakwambia kabla hujalipa chochote. Ukiwa wa kale, tunautoa kwenye fremu, tunapangusa ukungu mkavu kwa brashi laini, na kadibodi ya zamani tunaitupa, maana asidi yake ndiyo inayoichoma karatasi kwa nyuma. Tunaweka kadi isiyo na asidi na kuushika mchoro kwa gundi ya unga wa ngano, selotepu hapana. Kioo hakiigusi karatasi. Nyuma ya fremu tunabandika vipande vya kizibo ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Ulete mchoro wako kabla ya masika, ukiwa umelazwa kati ya kadibodi mbili, usiukunje wala kuuviringisha. Kwenye boti ufunge kwa nailoni, ukishuka uitoe mara moja, kwani hufungia unyevu ndani.