Maziwa ya yule mama hayajakauka

Mpenzi Nekesa,

Salamu nyingi. Huku wazima, Mwanaidi karudi kazini. Nimeharakisha kujibu kwa sababu ya yule mahabusu uliyeniandikia habari zake, mwenye mtoto wa wiki sita. Nani kamwambia maziwa yamekauka? Siku za mahakama anaondoka alfajiri, anarudi jioni, mtoto anabaki na maziwa ya kopo. Titi likishinda limejaa bila kukamuliwa, mwili hupunguza kutengeneza. Basi!

Kwanza mwombe mkuu wa gereza mtoto aende mahakamani na mamaye. Sheria ya Kenya inamruhusu kukaa naye gerezani mpaka miaka 4, na Kanuni za Bangkok za 2010, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, ya 48, zinakataza kumvunja moyo mama anayenyonyesha bila sababu ya kiafya. Kesi ya kutajwa tu, omba isikizwe kwa video.

Ikishindikana, mfundishe kukamua kwa mkono. Anawe kwa sabuni, akande titi kwa kitambaa cha uvuguvugu. Kidole gumba juu, cha shahada chini, nyuma ya weusi unaozunguka chuchu. Asukume kuelekea kifuani, abane, aachie. Asivute chuchu wala kusugua ngozi, ndiyo maana wengi huumia na kuacha. Dakika 3 hadi 5 titi moja, ahamie la pili, arudie. Jumla dakika 20 hadi 30. Na huko mahakamani akamue kila baada ya saa tatu, hata kama yatamwagwa. Askari wa kike ampeleke pa faragha. Hilo lipiganie, Nekesa.

Penye joto la nyuzi 25 maziwa hukaa saa nne, kwa friji siku nne. Lakini si friji ya chanjo! Mtoto apewe kwa kikombe kidogo, akiwa wima, maziwa yaguse mdomo wa chini alambe mwenyewe. Usimmiminie. Chupa inaweza kumfanya alikatae titi jioni.

Akipata homa na titi jekundu, aendelee kunyonyesha hilohilo huku akitibiwa. Kama anatumia ARV, dawa za VVU, dozi iende naye mahakamani.

Anapata chakula cha ziada, au uji uleule wa wote? Usiku wanalala pamoja? Nani anabaki na mtoto? Kesi inatajwa lini tena? Nijibu kabla ya hiyo tarehe, na umuulize Sista Jerono kama vile vikombe bado vipo.

Wako,
Halima